Nasafiri na timu ya peintiboli kama mpigapicha wake: nijiandae vipi kwa Kombe la Dunia la Kissimmee?

Mwanalenzi ameandika:

Habari zenu ndugu zangu. Mimi ni mwenyeji wa Tanga ninayeishi Atlanta, na kwa muda mrefu nimekuwa nikipiga picha za mechi za kandanda za timu za jumuiya zetu za Afrika Mashariki hapa Georgia. Timu moja ya peintiboli ya hapa jirani, ambayo inacheza daraja la chini katika NXL (National Xball League, ligi ya peintiboli ya Marekani), imeniomba nisafiri nayo mwezi wa Novemba kwenda Kissimmee, Florida, kwenye mashindano ya kufunga msimu ambayo ligi huyaita Kombe la Dunia. Watanibeba kwenye gari lao, watanilipia malazi na chakula, lakini fedha taslimu hawajaahidi.

Mchezo wenyewe nimeutazama mara chache tu kutoka nje ya nyavu. Ninaelewa kwamba wachezaji watano kwa watano huanzia pande mbili za uwanja, hujificha nyuma ya vizuizi vya kujazwa hewa, na anayepasukiwa na risasi ya rangi hutoka. Sijawahi kuingia ndani ya nyavu na kamera, na hilo ndilo linalonipa mashaka zaidi. Ninayo kamera isiyo na kioo cha ndani (mirrorless) yenye lenzi ya milimita 70 hadi 200 ya f/2.8, na nyingine ya milimita 24 hadi 70.

Naomba wenye uzoefu wanieleze mambo matatu: nipange kamera vipi ili nipate picha zenye uhai, nijilinde vipi mimi na vifaa vyangu, na nikubaliane nini na timu kabla hatujaondoka. Ningependa kuifanya kazi hii kwa heshima inayostahili, kwa sababu vijana hawa wanatumia akiba zao wenyewe kucheza na wengi wao hawana picha nzuri hata moja ya msimu mzima.

Bahari_Ughaibuni amejibu:

Hongera, ndugu Mwanalenzi, kwa kupata nafasi hiyo. Nimepiga picha za mchezo huu kwa misimu kadhaa, na ningependa kuanza na hesabu kabla ya vifaa, kwa sababu hesabu ndiyo itakayokuonyesha kwa nini mipangilio yako ya kandanda haitatosha.

Kasi ya juu inayoruhusiwa kwa risasi ya rangi ni futi 300 kwa sekunde, yaani mita 91 hivi. Risasi yenyewe ina kipenyo cha sentimita 1.7. Ukipiga kwa kasi ya shata ya 1/1000, yaani shata ikifunguka kwa sehemu moja ya elfu ya sekunde, ambayo kwenye kandanda inatosha kabisa, risasi itakuwa imesafiri sentimita 9 wakati shata iko wazi, na katika picha itaonekana kama mstari hafifu au isionekane kabisa. Kwa 1/4000 itasafiri sentimita 2.3, kwa hiyo utaiona ikiwa imerefuka kidogo. Kwa 1/8000 inasogea sentimita moja tu na ushei, na hapo ndipo unapoanza kuona tone la duara likiwa hewani na rangi ikiwa inapasuka kwenye barakoa ya mchezaji. Jua la Florida halina uchoyo: mchana wenye anga safi, kwa f/2.8 na 1/4000, ISO (wepesi wa kamera kupokea mwanga) itakuwa kati ya 100 na 200, kwa hiyo huna haja ya kuogopa kasi hizo. Kama kamera yako inaruhusu kuchagua, tumia shata ya mitambo badala ya ya kielektroniki, kwani kamera nyingi husoma picha mstari kwa mstari na vitu vinavyokwenda kasi hutoka vimepinda.

Sasa jambo ambalo wengi hawalifikirii. Watu hununua kamera inayopiga picha 20 kwa sekunde wakidhani wingi huo utawapatia ile picha ya rangi ikipasuka. Kati ya picha moja na inayofuata, risasi imekwishasafiri mita nne na nusu. Kamera peke yake haiwezi kuiwinda. Kinachokupa picha ni kujua mapema mahali ambapo mtu atapigwa, na hilo linatokana na kuuelewa mchezo.

Honi ya kuanza inapolia, wachezaji wa mbele hukimbia kuelekea pembeni mwa uwanja, na wapinzani walioko nyuma huelekeza mfululizo wa risasi kwenye njia ile ile ambayo mkimbiaji lazima apite, kwa kadiri ya risasi kumi hivi kwa sekunde. Kwa hiyo sekunde tatu au nne za kwanza ndizo zenye picha nyingi kuliko dakika zote zinazofuata. Usimfuate mpigaji. Mfuate mkimbiaji, ukiwa umekwisha kuweka fokasi mahali atakaporukia. Upande mmoja wa uwanja una msururu wa vizuizi vifupi vya kulala, ambao wachezaji huuita nyoka, na hapo mchezaji huruka kwa kifua na kutambaa. Upande wa pili una vizuizi virefu vya pembetatu wanavyoviita dorito, na hapo hukimbia wima. Picha za pande hizo mbili hazifanani hata kidogo, na timu itahitaji zote.

Bahati yako ni kwamba ligi hutangaza mpangilio wa vizuizi kabla ya mashindano, na timu zote hutandika mpangilio huo huo nyumbani ili kufanya mazoezi. Nenda kwenye mazoezi hayo. Utajua nani anakimbilia wapi, nani hupenda kuchungulia upande wa kushoto, na wewe usimame wapi ili uso wake uelekee kwako. Ukiiacha nafasi hiyo, siku mbili za mwanzo kule Kissimmee utazitumia kujifunza mambo ambayo ungeweza kuyajua ukiwa Atlanta.

Kuhusu fokasi, usitegemee kamera kutambua macho. Barakoa zina vioo vyenye rangi vinavyoakisi mwanga, na kamera haioni jicho ndani yake. Tumia eneo dogo la fokasi, uliweke kwenye kioo cha barakoa, na uhamishie kazi ya kufokasi kwenye kitufe cha nyuma ili kidole cha shata kibaki na kazi moja.

Lenzi yako ndefu itafanya kazi kubwa ndani ya uwanja, ambao una urefu wa takriban mita 46 na upana wa mita 37. Ile fupi usiiache hotelini. Ndani ya nyavu nyuso zote zimefunikwa. Huzuni, hasira na furaha utaziona mabegani na mikononi tu. Nyuso zenyewe zinapatikana kwenye eneo la matayarisho nje ya nyavu, pale wachezaji wanapovua barakoa, wanapojaza hewa kwenye mitungi na kusikiliza kocha akionyesha kwa kidole kwenye karatasi ya mpangilio. Mchezaji aliyetoka kupigwa, rangi ya manjano ikimtiririka shingoni, huku akifuta kioo cha mwenzake anayerudi uwanjani, anakupa picha ambayo mama yake atataka kuitundika ukutani.

Mwamuzi_Mstaafu amejibu:

Ndugu Mwanalenzi, Dada Bahari amekueleza vizuri upande wa picha. Mimi nimekuwa mwamuzi wa mchezo huu kwenye mashindano ya majimbo ya kusini, na nitasema kuhusu usalama na adabu za uwanjani, kwa sababu mpigapicha anaweza kuvuruga mchezo bila kukusudia.

Kwanza, ndani ya nyavu barakoa haivuliwi kwa sababu yoyote ile, hata kama pointi, yaani raundi moja ya mchezo, imekwisha na wachezaji wanapeana mikono. Iwe barakoa iliyotengenezwa kwa ajili ya peintiboli na yenye alama ya kiwango cha ASTM F1776. Miwani ya kiwandani au ya kuendeshea pikipiki haikubaliki. Risasi inayokwenda mita 91 kwa sekunde inaweza kulipasua jicho. Ikitokea barakoa ikang'oka, usikimbie kutafuta mlango. Piga magoti hapo hapo, funika uso kwa mikono, inamisha kichwa ardhini, na upaze sauti ili mwamuzi akufikie. Ninalisisitiza hili kwa sababu silika ya mtu ni kukimbia, na mtu anayekimbia huku akitafuta njia huinua uso.

Pili, kizibao cha wanahabari hakikupi haki ya kusimama popote. Mwamuzi akikuambia usogee, sogea mara moja kisha uulize baadaye. Usisimame kati ya mwamuzi na mchezaji anayemkagua, maana mwamuzi yule anatafuta doa la rangi ambalo linaweza kuamua mechi. Usiegemee kizuizi. Usiinue mkono kuonyesha kitu, usitikise kichwa, usimwite mchezaji kwa jina wakati pointi inaendelea. Wewe umesafiri na timu moja, na wapinzani wanajua hivyo. Ishara yoyote kutoka kwako inaweza kuchukuliwa kuwa unamwelekeza mchezaji wa upande wako, na timu ndiyo itakayoadhibiwa. Hata kumlenga kwa lenzi ndefu mchezaji aliyejificha, ambaye wapinzani hawajui alipo, kunaweza kumfichua. Wapigapicha wazuri niliowaona hulenga kizuizi kabla mchezaji hajafika, kisha hutulia.

Tatu, utapigwa. Hakuna anayekulenga, lakini ukisimama nyuma ya kona, risasi zote zinazomkosa mchezaji zinakuja kwako. Vaa suruali nene, mikono mirefu, glavu zilizokatwa vidole viwili vya kufanyia kazi, na kitu cha kukinga shingo na koo. Ukipigwa usiruke wala kugeuka ghafla, kwa sababu mchezaji aliye karibu nawe anaweza kudhani kuna mtu anayemjia.

Ningependa kuongeza neno moja kuhusu mchezo wenyewe, nje kidogo ya usalama. Mchezo wa kwanza wa aina hii ulichezwa tarehe 27 Juni 1981 huko Henniker, New Hampshire, na watu 12 waliokuwa na bastola zilizotumika kutia alama kwenye miti na ng'ombe. Kila mmoja alicheza kivyake akitafuta bendera msituni, na aliyeshinda, mtu wa misitu aitwaye Ritchie White, alizikusanya bendera bila kufyatua risasi hata moja. Ninakutajia hayo kwa sababu wapigapicha wengi wageni hurudi na mamia ya picha za watu wanaofyatua, wakati pointi nyingi huamuliwa na mtu aliyesogea kizuizi kimoja mbele bila kuonwa. Mpige picha mtu huyo.

Mwanalenzi ameandika:

Nawashukuru sana, Dada Bahari na Mzee Mwamuzi. Nimekwisha kuwaomba wanipeleke mazoezini Jumamosi hii. Nina maswali mawili ya nyongeza. Nimejaribu barakoa ya kuazima na kitundu cha kutazamia cha kamera kikawa mbali na jicho kiasi kwamba naona katikati ya picha tu. Je, wenzangu mnafanyaje? Pia, lenzi nizifunike na nini? Nimeambiwa niweke kichujio cha kioo, lakini mwingine akaniambia kwamba kichujio ndicho kinachoharibu.

Bahari_Ughaibuni amejibu:

Kuhusu barakoa, tafuta yenye umbo jembamba upande wa juu, na usithubutu kuikata au kuichonga ili kamera isogee, kwani ukifanya hivyo haina tena kinga iliyopimwa na mwamuzi ana haki ya kukutoa. Baadhi ya kamera zisizo na kioo zina chaguo la kupunguza ukubwa wa picha ndani ya kitundu cha kutazamia, lililowekwa kwa ajili ya watu wanaovaa miwani, na chaguo hilo linasaidia sana. Kamera yako isipokuwa nalo, panga picha kwa nafasi kubwa zaidi kuliko ulivyozoea, uache hewa pande zote, kisha ukate baadaye. Kioo cha nyuma cha kamera (skrini) kinafaa ukiwa umepiga goti na kukiinua juu, ila jua la mchana hukizidi nguvu.

Kuhusu lenzi, wote wawili waliokushauri wana sababu. Kichujio chembamba cha bei ndogo hupasuka, na vipande vyake hukwaruza kioo cha mbele cha lenzi. Kinga ya kwanza ni kofia ndefu ya lenzi, ile ngumu, kwa sababu risasi nyingi hazikujii moja kwa moja. Nyuma ya kofia weka kichujio kinene kisicho na rangi, na ubebe vingine vya akiba. Mwili wa kamera ufunike kwa kifuko cha mvua au plastiki iliyobanwa kwa utepe, hasa vitufe na milango ya kadi.

Ukipakwa rangi usiogope. Ndani ya risasi hizo kuna polietilini glikoli na rangi ya chakula, na ganda lake ni jelatini. Vyote viwili huyeyuka kwa maji. Lowanisha kitambaa laini, gusa gusa bila kusugua, kwa kuwa vipande vya ganda vikisuguliwa huacha alama. Usiache rangi ikakauka hadi jioni.

Kuna adui mwingine wa Florida ambaye wewe mtu wa Tanga utamfahamu. Ukitoa kamera kwenye chumba chenye kiyoyozi na kuifungua kwenye hewa yenye unyevu, ukungu huganda kwenye lenzi na unaweza kukaa muda mrefu, huku timu yako ikicheza mechi ya asubuhi. Liache begi limefungwa, lipate joto la nje kabla hujalifungua.

Karani_wa_Picha amejibu:

Ndugu Mwanalenzi, swali lako la tatu halijaguswa, na kwa maoni yangu ndilo linaloamua kama utafurahia kusafiri tena au hutafurahia.

Andikianeni. Ukurasa mmoja unatosha, hata kama hakuna fedha. Chini ya sheria ya Marekani, picha ni mali ya aliyezipiga isipokuwa ameajiriwa kuzipiga kama sehemu ya ajira yake, au ametia sahihi kuhamisha haki hizo. Kwa hiyo timu inapokugharimia usafiri haiwi mmiliki wa picha. Inapata ruhusa ya kuzitumia kwa namna mliyokubaliana. Eleza wazi kwamba wachezaji wanaweza kuziweka kwenye kurasa zao wakikutaja, na kwamba wadhamini wanaotaka kuzitumia kwenye matangazo ya bidhaa watazungumza nawe kwanza. Suala la wadhamini ndilo hasa linaloleta ugomvi, kwa sababu fulana za wachezaji zimejaa nembo na kampuni hufurahi kupata picha ya bure. Ukishindwa kudai fedha kwa safari hii, ambalo ni jambo linaloeleweka kwa mtu anayeanza, basi usitoe na haki zako pia.

Baadhi ya wachezaji wa madaraja ya chini huwa ni vijana walio chini ya miaka 18. Pata idhini ya wazazi au walezi kwa maandishi kupitia nahodha kabla ya kuondoka, na mzazi akikataa, heshimu neno lake bila kumshawishi.

Kibali cha kuingia ndani ya nyavu hutolewa na ligi. Nahodha akikwambia "usijali, utaingia na sisi," mwombe akuonyeshe barua au ujumbe wa kibali chenye jina lako. Pasipo kibali utabaki nje ya nyavu. Hilo likitokea, kazi bado inawezekana: sogeza lenzi karibu kabisa na wavu, fungua f/2.8, na nyuzi zitapotea kwenye picha mradi mchezaji awe mbali na wavu na jua lisiwe linaupiga wavu upande wako.

Jambo ambalo timu italikumbuka kuliko ubora wa picha ni muda wa kuzipata. Mashindano huendelea hadi Jumapili ya fainali, na mchezaji anataka picha ya leo, leo. Baada ya kila mechi chagua picha chache, zihamishie kwenye simu, na uzitume. Nyingine zote zishughulikie usiku hotelini, kwa kuwa mtandao wa uwanjani huelemewa na umati. Panga mafaili kwa mechi, kisha kwa namba ya mgongoni, maana rangi za fulana zinafanana na barakoa hazikuambii nani ni nani. Piga kwenye kadi mbili kwa pamoja kama kamera inaruhusu, na nakala ya pili isilale kwenye begi moja na ya kwanza.

Kutoka Atlanta ni kilomita 700 hivi kwa barabara, kwa hiyo safari hii haina usumbufu wa uwanja wa ndege. Mkija kuruka kwenda mbali, kwa mfano Las Vegas, kumbuka kwamba betri za akiba za lithiamu husafiri nawe kwenye mzigo wa mkononi, si kwenye sanduku lililokabidhiwa, na kwamba mitungi ya hewa ya wachezaji haipokelewi mpaka vali yake iwe imetolewa kabisa kwenye mtungi na ndani kuonekane wazi.

Mvita_Picha ameandika:

Samahani kwa kuingilia. Mimi niko Mombasa, na timu moja ya huko Marekani ambayo tunafahamiana mtandaoni imenialika niwapigie picha mwakani. Je, viza ya kawaida ya utalii inatosha?

Karani_wa_Picha amejibu:

Ndugu Mvita, usiombe viza ya utalii kisha ukaenda kufanya kazi. Waandishi na wapigapicha wanaotumwa na chombo cha habari cha nje huomba viza ya wanahabari, inayoitwa kwa herufi I, na anayejitegemea hutakiwa kuonyesha mkataba na chombo cha habari. Wewe unaalikwa na timu, na hilo ni jambo tofauti: kama timu hiyo ya Marekani itakulipa, maofisa wa viza wataiangalia kama ajira, nayo ina masharti yake mengine. Mwombe nahodha akuandikie barua inayosema nani anagharimia nini, kama kuna malipo au hakuna, na picha zitatumika wapi, kisha uipeleke pamoja na maombi yako ubalozini Nairobi na uwaeleze ukweli wote. Anza mapema sana, kwa maana foleni ya kupata siku ya mahojiano inaweza kuwa ndefu kuliko msimu wenyewe, na usikubali timu ikukatie tiketi kabla viza haijagongwa kwenye pasipoti.